Muzehe Kaacha Kulala

Siku ile nilimkuta Muzehe juu ya kabati, kitu cha kwanza nilijiuliza ni nani kampandisha.

Muzehe ni paka. Paka mzee kabisa, rangi ya majivu, sikio moja limekatika ncha, na tangu nije kuishi kwa Tanti Daphrose hapa Gisozi sijawahi kumuona akipanda kitu kirefu kuliko stuli. Kazi yake ilikuwa moja tu, kulala. Asubuhi analala mlangoni pa duka la Tanti, pale anapouzia ndagala kavu, dagaa wa kwetu. Jua likizunguka anavuka kwa jirani yetu Norman, fundi wa makochi, anajitupa juu ya sponji, analala tena. Hivyo hivyo mpaka tunafunga. Panya wote wa Agakiriro, soko letu la mafundi, wanamjua. Nadhani hata wanamsalimia wakipita.

Sasa eti iko juu ya kabati, macho yamemtoka, ananiangalia kama mimi ndiye nimechelewa. Nikatoa simu. Kabla kamera haijafunguka akaruka, akapita dirishani, akapotea juu ya mabati ya Norman. Nikabaki na video ya kabati.

Nikakimbia dukani kumwambia Tanti. Alikuwa anapepeta ndagala, wala hakuacha. Akatabasamu tu, akasema basi na mimi nimeona, maana yeye anaona tangu wiki ya misa.

Misa hiyo ilikuwa ya Tonton Évode, bwana wake. Tonton alifariki mwaka jana, na Muzehe alikuwa paka wake, si wa Tanti. Alimtoa chini ya lori la mbao akiwa kadogo ka kuingia mfukoni, akamlea kwa vichwa vya ndagala, akazeeka naye. Alipofariki, Tanti akawa kama redio iliyotolewa betri. Alikuwa mtu wa kuimba, unajua. Ameimba kwaya tangu utoto wake Bujumbura, anaimba akipima ndagala, anaimba akifagia, wateja wengine wanakuja kwa sababu ya hizo nyimbo. Akaacha zote. Anapima, anafunga, anarudisha chenji, basi. Mi nilitumwa kutoka Buyenzi, huko huko Bujumbura, nije nimsaidie duka, lakini nyumbani wote walijua sababu ni ile kimya.

Ukafika mwaka, ikasomwa misa ya kumuombea Tonton. Na wiki ile ile Muzehe akaacha kulala.

Tanti hakusema waziwazi anafikiria nini. Yeye ni Mkatoliki wa kweli, vitu vingine hawezi kuvitamka. Lakini alikuwa anamwangalia paka anavyokimbia juu ya mbao, halafu anaangalia picha ya Tonton ukutani, halafu anatikisa kichwa kidogo kama mtu kapewa zawadi na hajui aishike vipi. Siku moja nikamsikia anaimba. Sauti ya chini, akipepeta. Nikasimama na ndoo mkononi, naogopa hata kuiweka chini isije ikalia.

Kwa hiyo mi ningeuliza nini? Paka karudi kijana na Tanti karudi kuimba. Nikawa napiga video tu. Muzehe anapanda rundo la mbao. Muzehe anagombana na mpini wa ufagio. Muzehe anakula. Anakula namna gani sasa. Kichwa cha ndagala, ndagala mwenyewe, ugali wetu, mandazi ya Norman, anamaliza, anarudi, analia mbele ya sahani utadhani tumemnyima wiki nzima. Anakunywa maji mpaka ya ndoo ya kudekia. Watu kwenye simu wakapenda sana. Wakaanza kuuliza ni ndagala gani hizo.

Norman ndiye aliharibu kabisa. Huyu alikulia Kampala, mdomo wake haujui likizo. Kila mteja akija kuangalia makochi anamwelekeza ng'ambo, kwamba pale kwa mama kuna ndagala inamrudisha mzee ujana, shahidi huyo anapita juu ya mabati. Mwenyewe akaja na bakuli.

"Nyabo Daphrose, nipimie na mimi. Magoti yananiuma, nataka kupanda kabati."

"Wewe utavunja kabati," Tanti akamjibu, na akacheka. Akacheka, mtu ambaye mwaka mzima hajacheka.

Sasa kitu kilichonichanganya ni hiki. Siku moja nilimbeba Muzehe nimtoe ndani ya gunia la ndagala, na mikono yangu ikapanda juu yenyewe. Unajua ile unajiandaa kuinua jerikeni limejaa, kumbe ni tupu? Hivyo. Chini ya manyoya kulikuwa na mbavu, na mgongo kama shanga. Manyoya yenyewe yameshikana, hajilambi tena, hana muda. Nikamwambia Tanti mbona iko mwepesi. Akasema hata yeye alikuwa mwepesi akiwa kijana, mtu anayekimbia vile atanenepa saa ngapi. Nikaona ni kweli. Halafu nikaona si kweli, kwa sababu anakula kutuzidi sisi wawili. Halafu nikaacha, kwa sababu alikuwa anaimba.

Wazo la daktari lilinijia mara moja, nikalitupa. Kwetu veterineri ni wa ng'ombe. Anakuja na mabuti anaangalia ng'ombe, nguruwe, kuku wakizidi kufa. Nimpigie nimwambie nini? Njoo haraka, paka wetu ana furaha?

Basi ikafika Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Tumefyeka mitaro, tumekaa mkutanoni, mkuu wa mudugudu, mtaa wetu, akasema wenye mbwa na paka wawapeleke ofisi ya akagari wiki ijayo, kuna chanjo ya kichaa cha mbwa. Watu wa mbwa wakaanza kuuliza maswali. Tanti akanigusa na kiwiko. Macho yake yalikuwa yanawaka. Nikajua hafikirii chanjo. Alitaka watu wamuone Muzehe.

Siku yenyewe akavaa kitenge cha sherehe. Shida ikawa kumbeba, maana Muzehe yule hapakatiki. Gunia Tanti akakataa, eti ni aibu. Akashusha agaseke yake kubwa, kile kikapu chenye mfuniko mrefu wa ncha, alichopewa siku ya arusi yao na Tonton, akatandika khanga ndani, akamuingiza. Tukatembea hivyo mpaka akagari, yeye mbele na agaseke kichwani, mi nyuma na simu, Norman pembeni kafunga kazi kabisa kuja kuangalia. Kila tunayekutana naye anatupa hongera. Mtu akiona agaseke na kitenge kile anajua mnakwenda kuposa. Mama mmoja akauliza binti ni nani, Norman akanionyesha mimi. Halafu agaseke ikatoa sauti ndefu, nzito, ya paka mwenye hasira. Yule mama akanitazama, akaitazama agaseke, akaenda zake bila kumaliza swali.

Daktari alikuwa dada mmoja anaitwa Connie. Alikulia Tanzania, upande wa Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona aibu kuongea. Siku za kawaida anafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama Kicukiro, siku hiyo alikuwa amekuja kusaidia chanjo. Mbwa wote waliotutangulia alikuwa anawachoma, anawapiga kofi dogo mgongoni, mwingine. Tukafika sisi. Tanti akafungua mfuniko kama anafungua zawadi na akaanza kumweleza. Umri wake mkubwa, alivyokuwa analala, alivyoamka, kabati, mabati, mbao. Daktari Connie anasikiliza, anacheka kidogo, huku mikono yake inapita juu ya paka. Ikafika mbavuni ikapunguza mwendo. Ikapanda shingoni, ikasimama. Vidole viwili vinatafuta kitu chini ya koo. Halafu akaweka mkono kifuani pa Muzehe, na kicheko kikaisha usoni mwake.

Akauliza mwaka jana alikuwa na uzito gani.

Hatukujua. Akauliza amewahi kupimwa lini, popote. Tanti ana mizani dukani, anapima siku nzima, anajua kutambua ndagala pungufu kwa mkono. Paka anapita chini ya mizani hiyo kila siku ya maisha yake na hakuna aliyewahi kumweka juu.

Daktari akasema leo hamchomi kwanza. Akasema anataka damu yake, tumlete Kicukiro, tusikawize.

"Damu ya nini?" Tanti akauliza. "Daktari, mgonjwa analala. Huyu hapana kulala."

"Mama, paka wa umri huu akiacha kulala, hapo ndipo ninapoogopa."

Akatueleza polepole, na foleni ya mbwa nyuma yetu inabweka. Kwamba shingoni kuna tezi, na kwa paka wazee tezi hiyo mara nyingine inavimba, inamwaga dawa ya mwili kupita kiasi. Basi mwili mzima unakimbia. Njaa inakimbia, moyo unakimbia, miguu inakimbia, na nyama inayeyuka. Akasema mbwa akiumwa atakuja kukulilia, lakini paka anaficha, na ugonjwa huu unamsaidia kuficha, kwa sababu kila anayemuona anasema mzima kabisa. Ndiyo maana paka mdogo apelekwe kwa daktari angalau mara moja kwa mwaka, na mzee kama huyu miezi sita isipite, hata akiwa anaruka. Hasa akiwa anaruka.

Mi nilikuwa narekodi. Nikazima. Sikuelewa niangalie wapi. Nilimwangalia Muzehe, akawa ananiangalia na yale macho makubwa niliyoyapenda kwenye video, na kwa mara ya kwanza nikaona kama macho ya mtu anayetaka kushuka kwenye gari na halisimami.

Tanti akafunga mfuniko. Njiani hakuna aliyetupa hongera, au walitupa, sikusikia.

Kumfikisha Kicukiro kulichukua siku za kubembeleza. Tanti alikuwa anasema ndiyo, halafu kuna mzigo wa ndagala unakuja, ndiyo, halafu kuna kwaya. Mwisho nikamwambia nampeleka mwenyewe. Hapo akachukua agaseke. Tukapanda pikipiki mbili, agaseke ikiwa mapajani mwake, na dereva wake anageuka kila Muzehe akilia, mpaka akasimama kuuliza kama ndani kuna mtoto. Tanti akamwambia twende, ni mzee.

Damu ikatolewa. Majibu yakaja kwenye simu yangu baadaye, nikiwa naosha vyombo, namba na herufi ambazo sikuelewa hata moja. Nikampigia Daktari Connie, nikaweka sauti kubwa Tanti asikie. Akasema ndiyo hiyo tezi. Akasema moyo umechoka lakini tumewahi kidogo, kuna vidonge, asubuhi na jioni, bila kuruka, na baada ya wiki chache arudi apimwe tena, uzito na damu, na tuendelee hivyo hivyo maisha yake yote. Akaniomba na kitu kingine: nimpige video akiwa amelala, ahesabu anavyopumua. Nikapekua simu yote. Muzehe anapanda, Muzehe anaruka, Muzehe anakula. Akilala sikuwa naye hata kwenye moja.

Tanti akasogea kwenye simu. Akauliza swali moja tu, akimeza vidonge atakuwa namna gani.

"Atatulia, Mama," Daktari akasema. "Atakuwa kama zamani."

Tanti akashukuru kwa heshima. Akarudi kupepeta.

Tulianza. Yeye ndiye alikuwa anampa, alisema mkono wangu unanuka simu. Anasaga ndagala, anafinya kidonge ndani ya tonge dogo la ugali, Muzehe anameza bila kutafuna. Na dawa ikafanya kazi, sitaki kudanganya. Kelele zikapungua. Maji akaacha kuyakimbilia. Siku moja nikamkuta mlangoni amejikunja, anajilamba mguu, taratibu, kama mtu anayekunja nguo. Nikapiga video, nikamtumia Daktari, akanijibu vizuri sana.

Nikamwonyesha Tanti. Akaitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu. Na nyimbo zikakatika. Hazikupungua, zilikatika. Duka likarudi lile la zamani. Anapima, anafunga, anarudisha chenji.

Hapo mi nikachanganyikiwa mpaka kichwa kinauma. Paka akiumwa, nyumba ina raha. Paka akipona, nyumba ina msiba. Nifurahi na nani? Norman naye hakusaidia, alikuwa anapita anasema kabati sasa limepumzika, na sisi hatucheki.

Halafu, ghafla, Muzehe akapanda tena kabati.

Nilidhani dawa imechoka. Nikampigia Daktari Connie, akaniuliza mara mbili kama kweli anameza. Nikamwambia anameza, Tanti anampa kwa mkono wake. Akasema basi tumlete. Nikamwambia Tanti, akasema kesho. Alisema kesho akiwa anaimba. Mi, na akili zangu zote, sikuunganisha.

Kesho yenyewe ilikuwa mchana wa jua kali. Niko ndani nachambua ndagala, nikasikia Norman ananiita, jina langu tu, Natacha, bila utani mbele wala nyuma. Hiyo pekee ilinitisha. Akaingia amebeba kipande cha sponji kama sinia, na juu yake Muzehe. Alikuwa kalala ubavu, mdomo wazi, ulimi nje, anahema kama mbwa. Paka hahemi hivyo. Sijawahi kuona. Norman alisema alikuwa anamfukuza mjusi juu ya mbao, akasimama katikati, akakaa, akaanguka.

Mi simu mkononi, na sikuweza kukumbuka jina la Daktari liko kwenye herufi gani.

Tanti alikuwa amesimama nyuma ya mizani. Hakuja mbio. Alishika ncha ya kitenge chake, ile wanayofungia pesa, akaifungua fundo polepole, akamwaga juu ya meza. Vidonge. Vidogo, vya rangi ya waridi, vingi.

Sikuelewa. Nilivitazama, nikamtazama. Hata wakati huo, nilijiuliza kwanza amevinunua wapi vingine.

"Ni vyake," akasema. "Sikumpa."

Norman akaweka sponji chini.

"Alipoanza kulala tena, niliona Évode amekufa mara ya pili. Mi niko nyumba moja na hiyo kitu, Natacha. Asubuhi namkuta kajikunja pale pale mlangoni, kimya. Nikasema hapana. Kama ni dawa ndiyo inamuua, basi niache dawa. Nilipoacha, akaamka. Umeona weye mwenyewe. Akaamka. Sasa nani muongo, daktari ao macho yangu?"

Na macho yangu yalikuwa yameona hivyo hivyo.

Aliyejibu ni Norman. Hakumwangalia hata, alikuwa amepiga magoti kwenye yale magoti yake mabovu, anampepea Muzehe na kofia. Aliongea kama anajiongelesha.

"Lakini Nyabo, Évode hakuwa na paka wa kuruka. Paka wa Évode alikuwa wa kulala. Walikuwa wanakuja wote wawili kila mchana, wanalala juu ya sponji yangu. Mi nasimama na kisu, nina kochi la mtu, nashindwa kukata. Nikimwamsha Évode ananiambia subiri, muzehe iko amepumzika. Sikuwahi kujua anamsema paka ao anajisema yeye." Akapepea. "Huyu wa juu ya kabati, Évode angemuona angeuliza ni wa nani."

Tanti akakaa juu ya gunia. Halafu akaniambia nipige simu, mbona nimesimama.

Sikumbuki barabara. Nakumbuka agaseke bila mfuniko, Tanti kaupeleka uso wake ndani karibu na ule mdomo wazi, anaongea nao Kirundi. Kliniki walimchukua wakamweka kwenye sanduku la kioo lenye hewa, na sisi tukabaki kwenye benchi. Daktari Connie alipotoka, Tanti alisimama akamwambia mwenyewe habari ya vidonge, yote, mbele ya watu wenye mbwa wao. Nilitegemea Daktari amgombeze. Hakumgombeza. Alimuuliza tu anahisi vipi akimuona paka amelala, na Tanti akasema, anaogopa. Daktari akamfundisha kitu: aweke kiganja ubavuni pa Muzehe akiwa amelala, ahesabu kinavyopanda na kushuka. Akasema ukikimbia ule ubavu, ninyi pia mkimbie. Ukienda polepole, hiyo ndiyo afya, hata kama haichezi.

Muzehe alibaki kwao siku kadhaa. Moyo wake umepata kovu, Daktari alisema, na kama mtu angemgusa shingo ile mapema, kabla hajaanza hata kupanda kabati, usingefika huko. Hakuahidi miaka. Aliahidi tu kwamba tukifuata dawa na tukirudi kila anapotuita, muda uliobaki utakuwa wake, si wa tezi.

Sasa iko nyumbani. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, na kitenge cha Tanti siku hizi nakikagua ncha zote, anakasirika, nakikagua hivyo hivyo. Kila Jumatatu kabla hatujafungua tunamweka kwenye mizani ya ndagala. Anachukia mizani. Anapanda taratibu, na Tanti anasogeza jiwe dogo upande wa pili na kuniita nione, kama zamani alivyokuwa ananiita kuona kabati. Siku ya kurudi Kicukiro sijawahi kumkumbusha. Naamka nakuta agaseke iko mlangoni, khanga imeshatandikwa.

Kuimba? Sijui niseme nini. Kwa wiki nyingi hakuimba. Juzi mchana nilienda kwa Norman kumwita Tanti, kuna mteja. Jua limepiga ndani, vumbi la mbao linaelea. Muzehe alikuwa katikati ya sponji kubwa, mpya, amelala kabisa, mguu mmoja hewani bila aibu. Tanti amekaa pembeni yake kwenye stuli, kiganja ubavuni. Norman amesimama na kisu na mwenye kochi yuko mlangoni anaangalia saa.

Nikatoa simu. Nilikuwa naangalia kwenye kioo, nasogeza karibu, ndiyo nikasikia. Haikuwa wimbo, au ulikuwa wimbo hauna maneno, sauti ya chini inapanda na kushuka, na nikaona inafuata kiganja, na kiganja kinafuata ubavu. Machozi yalikuwa yanamtoka. Sikuelewa kama analia au anaimba, na nadhani yeye pia hakuwa ameamua.

Norman akasafisha koo, akauliza kama anaweza kukata sasa.

"Subiri," Tanti akasema. "Muzehe iko amepumzika."

Video ile niliiweka. Watu wameandika wengi, wengi wanauliza kitu kimoja, kwamba mbona paka hachezi tena, kwani iko mgonjwa? Naanza kuwajibu, nafuta, naanza tena.